Utando Mwerevu wa Samaki: Mwongozo wa Kuutengeneza kwa Wanga na Rangi ya Mimea, na wa Kuusoma

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 450 ya mwaka 2009 inataja aina mbili za vifungashio vya chakula ambazo watu wengi huzichanganya: vifungashio tendaji, ambavyo hutoa au kufyonza kitu fulani ili chakula kidumu zaidi, na vifungashio vyerevu, ambavyo havikusudiwi kukibadilisha chakula bali hufuatilia hali yake na kuitangaza. Utando unaoelezwa hapa ni wa aina ya pili. Ni ngozi nyembamba ya wanga wa muhogo iliyochanganywa na rangi ya mmea, ambayo hubandikwa ndani ya kifuniko cha chombo cha samaki na kubadilika rangi kadiri samaki anavyoanza kuvunda. Anayeutarajia umwongezee samaki siku mbili za kukaa hatapata alichokitafuta, kwa maana kazi hiyo ni ya barafu.

Kuna jambo linalofaa kuwekwa mbele kwa kuwa ndilo linalosahauliwa mara rangi inapoanza kupendeza machoni: utando hausomi samaki, unasoma hewa iliyo juu ya samaki. Kutengeneza ngozi inayogeuka kutoka zambarau hadi kijani si kazi ngumu, na jiko la kawaida linatosha. Ugumu wote uko katika kujua kijani hicho kina maana gani kwa samaki yupi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu usomaji kuliko upishi.

Rangi inayotumika ni ya jamii iitwayo anthosianini, yaani rangi zinazoyeyuka katika maji ambazo huyapa maua, matunda na majani mengi wekundu, zambarau na buluu yake. Sifa yake ya kugeuka ilijulikana mapema: Robert Boyle, katika kitabu chake kuhusu rangi kilichochapishwa mwaka 1664, alieleza jinsi sharubati ya maua ya urujuani inavyokuwa nyekundu ikikutana na asidi na kijani ikikutana na alkali. Leo mabadiliko hayo hupimwa kwa kipimo cha pH, ambacho S. P. L. Sørensen alikibuni mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, na ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuanzia 0, palipo na asidi kali, hadi 14, palipo na alkali kali, kila hatua moja ikiwa ni tofauti ya mara kumi. Katika asidi iliyo chini ya 3 molekuli ya anthosianini hubeba chaji chanya na kuonekana nyekundu. Ikikaribia 4 au 5 hudaka maji na nyingi ya aina zake hufifia. Ikielekea 7 hupoteza protoni na kuwa zambarau, kisha buluu. Na ikivuka 8 baadhi ya molekuli hufunguka umbo na kuwa za manjano, ndiyo maana mchanganyiko wa buluu na manjano huonekana machoni kama kijani. Alkali ikizidi sana, manjano hubaki peke yake na rangi hairudi tena.

Samaki anahusika na habari hii kwa sababu ya gesi anazozitoa. Nyama ya samaki wa baharini ina kiasi kikubwa cha kitu kiitwacho trimethilamini oksaidi, ambacho hakina harufu na humsaidia samaki kustahimili chumvi ya bahari. Baada ya kufa kwake bakteria hukivunja na kutoa trimethilamini, yaani ile harufu ambayo kila mwenye pua huitambua sokoni jioni. Baadaye protini nazo huvunjwa na amonia ikaongezeka. Gesi hizi kwa pamoja ni alkali, na zikiyeyuka katika unyevu mdogo ulio ndani ya utando hupandisha pH yake na kugeuza rangi. Neno unyevu lina uzito hapo, kwa kuwa utando mkavu kabisa hauna maji ya kuziyeyusha gesi hizo na kwa hiyo huchelewa kujibu.

Mmea wa kwanza unaomjia kichwani mkazi wa pwani ni choya, ambayo wengine huiita rosela, kwa kuwa hupatikana kila soko na juisi yake ni nyekundu iliyokolea. Hata hivyo kwa anayeanza, choya ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba yenyewe ni kali sana, maji yake yakiwa na pH ya kati ya 2 na 3, hivyo utando wake huanza safari ukiwa chini mno na huhitaji amonia nyingi kabla haujaonyesha lolote. Ya pili ni kwamba ukiiondolea ukali huo kwa magadi, rangi hufifia katikati ya safari na pia huchakaa haraka. Kabichi ya zambarau ni bora zaidi kwa kazi hii, ingawa ni ghali kidogo na inanuka ikichemka, kwa sababu anthosianini zake nyingi zimeshikana na asidi za mimea ambazo huzifunika na kuzikinga, hivyo hudumu muda mrefu na huonyesha ngazi nyingi za rangi: waridi karibu na 3, zambarau kwenye 6, buluu kwenye 7 na 8, na kijani kuanzia 9. Manjano ya kupikia nayo hufaa kwa kiasi, kwa kuwa rangi yake hubaki ya manjano hadi karibu na 7 na kugeuka kahawia nyekundu katika alkali, lakini haiyeyuki katika maji bali katika spiriti, na mwanga wa jua huifuta. Bitiruti haifai. Wekundu wake unafanana na wa choya kwa macho, lakini ni wa jamii nyingine iitwayo betalaini, ambayo hukaa vilevile kati ya pH 3 na 7, na utando wake unaweza kubaki mwekundu huku samaki akiwa ameshaharibika.

Chombo cha kuchemshia kinastahili maneno machache, kwa kuwa hapo ndipo kazi za wengi huharibika bila wao kujua chanzo. Mkemia Mjerumani Richard Willstätter, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1915 kwa utafiti wa rangi za mimea, aligundua kwamba ua jekundu la waridi na ua la buluu liotalo katika mashamba ya ngano hubeba rangi ileile, akadhani tofauti yao inatokana na asidi na alkali tu. Watafiti waliomfuata walionyesha kwamba buluu ya ua hilo inatokana na rangi kushikana na madini ya chuma na magnesi. Alumini hufanya vivyo hivyo. Sufuria ya alumini, ambayo ndiyo iliyojaa majikoni mwa Afrika Mashariki, inaweza basi kuachia madini ndani ya maji ya rangi na kuisogeza kuelekea buluu kabla kazi haijaanza, na sufuria ya chuma kinachoshika kutu ni mbaya zaidi. Itumike sufuria ya chuma cha pua, ya enameli isiyobanduka, au bakuli la kioo linalostahimili moto.

Ili kupata maji ya rangi, gramu 100 za kabichi hukatwa nyembamba sana, humwagiwa mililita 150 za maji safi yenye joto la kama sentigredi 70, hufunikwa na kuachwa nusu saa zikikorogwa mara kwa mara, kisha huchujwa kwa kitambaa cha melimeli na kuchujwa tena baada ya kutua. Maji hayafai kutokota, kwa kuwa joto kali huivunja rangi. Kabla ya kuendelea, matone machache hugawanywa katika visahani vitatu vyeupe: kimoja huongezwa tone la ndimu, kingine chembe ya magadi, na cha tatu huachwa kilivyo. Cha ndimu kikiwa cha waridi, cha magadi kikawa kijani na cha tatu kikabaki zambarau, rangi ni nzima. Vikikaribiana mno, ama kabichi ilikuwa kuukuu ama chombo kimeingilia kati, na hakuna faida ya kuendelea na maji hayo.

Wanga nao unahitaji uangalifu, kwani unga wa muhogo wa ugali si wanga. Unga una nyuzi zinazofanya utando uwe na mabaka na mashimo. Wanga hupatikana kwa kukuna muhogo mbichi, kuukamua ndani ya maji kupitia kitambaa, kuyaacha maji yatue kwa saa kadhaa, kuyamwaga ya juu, kuuosha ule utope mweupe mara mbili au tatu na kuuanika; kilichobaki ni unga laini unaolia ukifinywa kati ya vidole. Gramu 4 za wanga huo hukorogwa katika mililita 80 za maji baridi pamoja na gramu 1.2 za gliserini, ambayo huuzwa katika maduka ya dawa na ambayo kazi yake ni kulainisha: huingia kati ya nyuzi za molekuli za wanga na kuzizuia zisishikane hadi zikakauka kama karatasi ya kioo. Ikipungua, utando huvunjika ukikunjwa. Ikizidi, hunata na kuvuta unyevu kutoka hewani. Mizani ya jikoni ya kawaida haiwezi kupima gramu 1.2 kwa uhakika, hivyo ni afadhali kutumia bomba la sindano na kuchukua mililita 1, kwa kuwa gliserini ni nzito kuliko maji na ujazo huo una uzito wa karibu gramu 1.26.

Mchanganyiko hupashwa moto polepole ukikorogwa bila kukoma. Karibu na sentigredi 65 punje za wanga huanza kunywa maji na kuvimba. Uji ambao ulikuwa mweupe kama maziwa huwa mzito ghafla na kuanza kung'aa, na mwiko ukiinuliwa huvuta uzi mrefu. Hapo huendelea kushikiliwa kwenye joto la kama 85 kwa dakika 15, ili punje zote zipasuke, kisha hutolewa motoni. Kosa la kawaida ni haraka ya kumwaga rangi wakati huo. Uji uachwe upoe hadi sentigredi 50, ambapo bakuli linashikika kwa mikono bila kuunguza, ndipo mililita 20 za maji ya rangi ziongezwe na kukorogwa taratibu, kwa sababu kukoroga kwa nguvu huingiza viputo, na kila kiputo kitakuwa tundu katika utando. Viputo vilivyojitokeza hupanda juu vikiachwa dakika chache, na vinavyobaki hutobolewa kwa sindano.

Kisha uji humiminwa katika sahani bapa ya plastiki laini au ya kioo iliyowekwa mahali palipo sawasawa, jambo ambalo hupimwa kwa kumimina maji kidogo kwanza na kuangalia yanaegemea wapi. Kwa sahani yenye kipenyo cha sentimita 9, mililita 20 zinatosha kutoa utando wa unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na jumla iliyopikwa hapa inatosha sahani tano hivi. Ukaushaji hufanyika kivulini, palipo na hewa inayopita na joto la kati ya 35 na 40, kwa siku moja hadi mbili. Juani utando hukauka haraka, ni kweli, lakini hupinda kingo na kupauka. Ukiwa tayari hubanduka kwa ukucha kuanzia ukingoni, ukitoa mlio mdogo kama wa karatasi ya peremende.

Jaribio la kwanza ambalo kila mtu hulifanya ni kuning'iniza kipande ndani ya chupa yenye matone ya amonia ya kusafishia na kukitazama kikigeuka buluu na kijani ndani ya dakika chache. Jaribio hilo linapendeza, na linathibitisha kwamba utando u hai, lakini halithibitishi zaidi ya hapo, kwa kuwa amonia iliyo ndani ya chupa hiyo ni nyingi mno ukiilinganisha na ile inayotolewa na kipande cha changu katika saa za mwanzo za kuharibika, na taarifa inayohitajika ni ya saa hizo za mwanzo.

Inayobaki ndiyo kazi yenyewe. Vipande vya samaki mbichi wa aina moja, vyenye uzito sawa, tuseme gramu 50 kila kimoja, huwekwa katika vyombo vya ukubwa mmoja vyenye vifuniko vinavyobana, na kipande cha utando cha sentimita 2 kwa 2 hubandikwa chini ya kila kifuniko bila kugusana na samaki wala majimaji yake. Vyombo kadhaa huwekwa katika barafu na vingine katika joto la chumba, na chombo kimoja kila upande huwekewa kitambaa chenye maji tu bila samaki, kwani unyevu peke yake huweza kubadilisha mwonekano wa utando, na bila chombo hicho mabadiliko yatahesabiwa kuwa ya samaki. Vile vya chumbani husomwa kila baada ya saa mbili au tatu, vya barafuni mara mbili kwa siku. Katika kila usomaji hupigwa picha kwa simu katika mwanga uleule, kando ya karatasi nyeupe, na chombo kimoja hufunguliwa na kutolewa katika hesabu ili samaki wake akaguliwe kwa harufu, kwa ute na kwa ugumu wa nyama inapobonyezwa.

Anayeweza kufika maabara apeleke vipande hivyo vipimwe jumla ya naitrojeni ya besi zinazoruka, yaani gesi zilezile ambazo utando unazihisi. Sheria za Ulaya zimeweka ukomo wa miligramu 25 hadi 35 kwa gramu 100 za nyama, kutegemea aina ya samaki iliyotajwa, na aina hizo nyingi ni za bahari za baridi, hivyo namba hizo ni mwongozo tu kwa changu au kolekole. Rangi nayo hupimika kwa namba tatu zinazotolewa na programu nyingi za simu: moja ya mwangaza, moja ya safari kutoka kijani hadi nyekundu, na moja ya kutoka buluu hadi manjano. Tofauti kati ya utando wa mwanzo na wa sasa hupatikana kwa kujumlisha mraba wa tofauti za namba hizo tatu na kuchukua kipeuo cha pili cha jumla. Jibu likizidi 5 jicho la mtu wa kawaida kwa kawaida huona tofauti bila kuambiwa. Utando unaofikia hapo samaki akiwa bado analika ni mzuri. Unaofika baada ya pua kwisha kujua hauna kazi, hata kama rangi yake inavutia kiasi gani, na dawa yake ni kupunguza ukali wa mwanzo wa maji ya rangi, kupunguza unene wa utando, au kupunguza nafasi ya hewa iliyo ndani ya chombo.

Vipimo vya samaki mmoja havihamishiki kwa mwingine, na hapa pwani ina mitego yake. Papa na taa wana urea nyingi mwilini, ambayo bakteria huigeuza amonia upesi, hivyo utando uliopimwa kwa changu utapiga kelele mapema juu yao. Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili, kwa jodari, vibua na nguru: samaki hawa wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, sumu ambayo hairuki hewani wala haiondolewi na kupika, nayo inaweza kufikia kiwango cha kumdhuru mlaji wakati utando ungali zambarau tulivu. Utando usitumiwe kuwa ushahidi wa usalama wa samaki hao. Vivyo hivyo hautambui vimelea kama salmonela, ambavyo havihitaji kuozesha chakula ili vimdhuru mtu. Kwa maziwa mambo hugeuka kabisa: maziwa mabichi yana pH ya kama 6.7 na hushuka yanapochacha, lakini asidi yake haiwi gesi, kwa hiyo utando ulio kifunikoni hautaona kitu. Itabidi uguse maziwa yenyewe, na utando wa wanga ukigusa maziwa hulainika na kuachia rangi.

Udhaifu huo wa kuyeyuka uko pia kwa samaki. Mvuke ukitonea juu ya utando huacha madoa yanayosomeka vibaya. Wengine huchanganya wanga na agari, inayotokana na mwani, ili kuupa ukakamavu. Wengine hutumia kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa, ambayo ni imara zaidi lakini huyeyuka katika asidi tu, hivyo utando wake huanza ukiwa wa waridi na kurudisha tatizo lilelile la choya, tena huwatia shaka wenye mzio wa kamba. Kwa biashara ndogo suluhisho rahisi ni kukiweka kipande cha utando kati ya plastiki angavu upande wa nje na karatasi nyembamba inayopitisha hewa upande wa ndani.

Anayekusudia kuuza chakula chenye utando huo ana wajibu wa kupeleka kifungashio chake katika shirika la viwango la nchi yake, yaani TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, kwa kuwa kutengenezwa kwa muhogo na kabichi hakukifanyi kitu kuwa halali kugusana na chakula. Kanuni ya Ulaya iliyotajwa mwanzoni inataka kipande kinachoweza kudhaniwa kuwa chakula kiandikwe wazi kwamba hakiliwi, na sharti hilo lina maana hata pale ambapo halilazimishwi, maana ngozi ya wanga yenye rangi ya zambarau inafanana mno na peremende machoni pa mtoto. Kando ya utando huchapishwa mizani ya rangi yenye hatua tatu, si saba, na kila hatua huandikwa neno lake, kwa kuwa baadhi ya watu, hasa wanaume, hawatofautishi vizuri rangi zilizo karibu, na mwanga wa taa ya njano ya kibanda cha samaki huwapotosha hata wanaozitofautisha. Tando ambazo hazijatumika hukaa ndani ya bahasha nyeusi katika chombo kikavu kilichofungwa, na kila fungu huandikwa tarehe ya kupikwa. Kipande kimoja cha fungu hilo hujaribiwa kwa tone la ndimu na tone la magadi kabla ya vingine kupelekwa sokoni, na fungu ambalo halijibu tena kwa yote mawili hutupwa.